Maswali Yenu Kuhusu Modeli: Rangi, Madoa na Uchakavu wa Ndege za Kivita

Barua za mwezi huu zimejaa rangi. Wengi mmemaliza kugundisha na kupiga msasa, sasa mmekwama pale ambapo modeli ama inakuwa ndege ama inabaki kuwa plastiki. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Hamjambo wahariri. Ninaunda ndege ya kivita F-5E ya kipimo cha 1/72. Natumia eabrashi, kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa, chenye nozeli ya milimita 0.3 na rangi za akriliki za Tamiya. Rangi ikikauka, nikipitisha kidole kwenye bawa nahisi chembechembe. Rafiki yangu wa Mombasa anachanganya vile vile na bawa lake ni laini. Tena mwezi wa Julai nilijaribu rangi ya laka, ikakauka na ukungu mweupe juu yake. Ninunue eabrashi nyingine? – Msomaji wa Umoja

Hatujambo, ndugu. Usinunue. Eabrashi yako ni nzima; kinachowatofautisha wewe na rafiki yako ni mahali mnapoishi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Ndiyo maana maji ya chai huku huchemka yakifika nyuzi 94 au 95. Kwa sababu hiyo hiyo, spiriti iliyo ndani ya thina ya akriliki huruka upesi, hasa Januari na Februari hewa inapokuwa kavu. Tone linatoka kwenye nozeli likiwa majimaji, linafika kwenye bawa limeshakauka nusu. Haliwezi tena kutandaa na kuungana na mengine, linaganda pale pale lilipotua. Hizo ndizo chembechembe zako.

Anza na mchanganyiko. Matone 10 ya rangi, matone 15 ya thina ya X-20A, kisha tone 1 au 2 za kicheleweshi cha akriliki, ile dawa inayopunguza kasi ya kukauka. Usipite sehemu moja kwa kumi ya mchanganyiko wote, la sivyo rangi itabaki ikinata kwa siku kadhaa na kila alama ya kidole itakaa hapo. Halafu sogea karibu: sentimita 8 hadi 10 badala ya 15 unapofunika eneo pana, na 3 au 4 unapochora mpaka wa kamafleji.

Mgandamizo wa kompresa uwe psi 15 kwa eneo pana, 10 hadi 12 kwa mistari myembamba. Kuna wanaoongeza psi kwa kuwa tuko nyanda za juu. Wasifanye hivyo. Geji hupima kile kilichozidi hewa ya nje, kwa hiyo psi 15 ni psi 15, Lamu na Limuru. Ukiongeza, unaikausha rangi njiani zaidi. Kinachobadilika kweli ni kwamba kompresa hufanya kazi ndefu zaidi kujaza tangi, kwa kuwa hewa inayovuta ni nyepesi. Ipumzishe ikianza kuchoma mkono.

Tabaka la kwanza liwe jepesi, plastiki ionekane bado. Subiri dakika 3 hadi 5. Tabaka la pili liwe na maji ya kutosha uso ung'ae kwa sekunde chache kisha ufifie wenyewe. Ukiona ung'aavu huo, umepata. Usipouona, uko mbali au umekosa thina. Bawa lililokwisha kuharibika halihitaji kuvuliwa rangi yote: lipe saa 24, lisugue kwa msasa wa maji namba 2000 na tone la sabuni, bila kukaza kwenye kingo, lisuuze, kisha pulizia tena.

Ule ukungu wa Julai una chanzo kingine. Thina ya laka ikiruka kwa kasi inapooza uso wa modeli. Asubuhi ya baridi yenye unyevu, umande unatua ndani ya rangi ambayo haijakauka na kuifanya nyeupe. Kati ya Juni na Agosti, na wakati wa mvua ndefu, puliza laka baada ya saa sita mchana, na umwage maji ya kichujio cha kompresa kabla ya kuanza. Uso uliopata ukungu mara nyingi hupona ukipuliziwa thina tupu ya laka, ile ya aina inayokauka polepole, kwa tabaka jembamba sana; rangi inalainika tena na maji yanapata njia ya kutoka.

Na kama chumba chako ni bedsita, jiko la gesi lizimwe kabisa kabla ya kufungua chupa ya laka, dirisha liwe wazi, na uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, mvuke haizuii.

Mimi ni mwanafunzi na sina kompresa. Nilinunua thina hardware nipunguze rangi, ikayeyusha bawa. Je, ndege inaweza kupakwa kwa brashi ya mkono ikapendeza? – Msomaji wa Kasarani

Inaweza, dada, na usikubali mtu akuambie vinginevyo. Ila hiyo thina usiisogeze tena karibu na modeli. Thina ya rangi za magari huwa na viyeyushi vikali kama asetoni na tolueni, na plastiki ya modeli ni polistirini, ambayo viyeyushi hivyo huila mara moja. Hata praima, yaani rangi ya msingi, ya mkebe kutoka kwa wauzaji wa rangi za magari wa Kirinyaga Road ijaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki ya plastiki, ile iliyokuwa imeshika vipande vya modeli: ipulizie, subiri nusu saa, ikwaruze kwa ukucha. Plastiki ikiwa imelainika au imechimbika, hiyo praima si yako.

Kwa brashi, tumia akriliki ya maji, kama zile za Vallejo. Za Tamiya zina spiriti. Ukipitisha brashi mara ya pili juu ya tabaka bichi, la chini linafumuka na kuacha matuta. Rangi ya maji ipunguze kwa maji safi, kama sehemu 1 ya maji kwa 3 za rangi. Usiipunguze kwa spiriti ya duka la dawa, kwa kuwa itaganda mabonge ndani ya kibakuli. Brashi iwe bapa, laini, upana wa milimita 8 hadi 10 kwa mabawa. Tabaka la kwanza litaonekana baya, lina mistari na plastiki inachungulia, liache hivyo. Nusu saa baadaye paka la pili kwa kukatiza mwelekeo wa la kwanza. Kijani na kijivu hutosheka kwa matabaka matatu. Manjano na nyeupe zitahitaji matano, tena juu ya praima nyeupe.

Kabla ya yote hayo osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, usugue kwa mswaki wa zamani. Plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuiachanisha na kalibu, na rangi isiyoshika kwenye modeli ya mtu anayeanza chanzo chake mara nyingi ni hicho tu.

Maelekezo yanasema FS 34079, FS 36622. Hizi namba zinasomwaje? – Msomaji wa Ruaka

Ni namba za viwango vya rangi vya serikali ya Marekani. Tarakimu ya kwanza ni mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa nusu, 3 haing'ai. Ya pili ni ukoo wa rangi: 0 kahawia, 1 nyekundu, 2 machungwa, 3 manjano, 4 kijani, 5 buluu, 6 kijivu, 7 nyeusi, nyeupe na za madini. Tatu za mwisho hukuonyesha weupe kwa makadirio: kadiri zinavyopanda ndivyo rangi inavyokuwa nyepesi. Basi 34079 ni kijani kilichokolea kisichong'aa, na 36622 ni kijivu chepesi sana. Hizo mbili pamoja na 34102 na 30219 ndizo kamafleji ya ndege za Marekani zilizopigana Vietnam. F-16 za kijivu huvaa 36118, 36270 na 36375, na sasa unajua bila kuangalia chupa ni ipi iliyo nyeusi kuliko zote.

Dekali zangu, zile alama za kuloweka na kubandika, zikikauka zinaonyesha mng'ao wa fedha pembeni, hasa za maandishi madogo. – Msomaji wa South B

Hiyo ni hewa iliyonaswa chini ya dekali. Rangi isiyong'aa ina uso wenye vijishimo, dekali inakaa juu ya vilele vyake, na hewa inabaki mabondeni. Pulizia vanishi inayong'aa kwanza, matabaka mawili, uipe siku nzima. Lowesha mahali kwa maji yenye siki nyeupe kidogo, weka dekali, isukume ikae sawa, kamua maji kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, kisha paka dawa ya kulainisha dekali na usiiguse tena hata ikijikunja. Itanyooka yenyewe. Iliyokwisha kukauka na hewa ndani, itoboe kwa ncha ya sindano mara kadhaa na upake dawa hiyo hiyo.

Nilipaka woshi nyeusi, ile rangi ya majimaji ya kutilia kivuli, kwenye mistari yote ya mabati. Ndege imekuwa kama katuni, na gia moja ya kutua imekatika yenyewe usiku. Nimekosea wapi? – Msomaji wa Buruburu

Mambo mawili, na la gia ndilo zito zaidi.

Woshi ya enameli au ya rangi ya mafuta hupunguzwa kwa waiti spiriti, na majimaji haya huingia kwenye nyufa ndogo kuliko jicho linavyoona. Ikifika kwenye plastiki tupu iliyo chini ya mkazo, kama mguu wa gia uliolazimishwa kuingia kwenye tundu, plastiki hupasuka. Kwa hiyo sehemu yoyote isiyo na rangi na vanishi isiguswe na woshi ya aina hiyo, na kwenye gia usiimwage. Gusa tu kwa ncha ya brashi iliyokwisha kufutwa kwenye karatasi. Gia yako itoboe kwa kekee ya milimita 0.4, ingiza kipande cha waya wa shaba, gundisha kwa gundi ya papo hapo.

Kanuni ya matabaka iko hivi: kiyeyushi cha tabaka la juu kisiweze kuyeyusha la chini. Rangi ya akriliki au laka, juu yake vanishi ya akriliki, juu yake woshi ya enameli au mafuta. Waiti spiriti haiigusi akriliki iliyokauka, ndiyo maana unaweza kufuta na kurudia mara utakazo. Aliyepaka ndege yake kwa enameli na kuweka woshi ya enameli moja kwa moja atafuta na kamafleji pia.

Sasa weusi. Kwenye ndege halisi, nafasi kati ya bati na bati si nyeusi. Ni kivuli cha rangi iliyopo, pamoja na uchafu kidogo. Juu ya kijani weka kahawia nyeusi. Juu ya kijivu weka kijivu kilichokolea zaidi ya kilichopo kwa hatua mbili. Chini ya ndege, mahali penye rangi nyepesi, kijivu cha kati kinatosha. Nyeusi ibakie kwenye vitu ambavyo kweli ni mianya: mkunjo wa flapu, usukani wa mkia, milango ya gia. Mistari ya mabati yasiyofunguliwa kamwe iwe hafifu kuliko ile ya vifuniko ambavyo mafundi hufungua kila siku, kwa kuwa vifuniko ndivyo vinavyovuja na kushikwa na mikono yenye grisi.

Changanya kiasi cha mbegu ya maharagwe ya rangi ya mafuta kutoka kwenye tyubu na mililita 5 za waiti spiriti. Gusa mstari kwa ncha ya brashi namba 0, majimaji yatakimbia yenyewe kwenye mfereji. Subiri dakika 20 hadi 30, kisha futa kwa pamba iliyokaribia kukauka. Mabawa yafutwe kutoka mbele kwenda nyuma, ubavu wa ndege kutoka juu kwenda chini, ili kile kinachobaki kifuate njia ya upepo na mvua. Ukifuta kwa duara, umeharibu.

Mimi ni mstaafu, ninaunda Hawker Hunter FGA.9 ya 1/48. Nataka ionekane imefanya kazi, isiwe takataka. Nianzie wapi, na nifuate rangi gani? – Msomaji wa Lang'ata

Shikamoo mzee. Kabla ya brashi, chagua ndege moja, mwaka mmoja. Hunter hii ina historia mbili hapa kwetu. Skwadroni ya 208 ya Uingereza ilizirusha kutoka Eastleigh, kituo ambacho leo ni Moi Air Base, mnamo 1960 na 1961. Kisha Jeshi la Anga la Kenya lilipokea za kwake mwaka 1974. Ukichagua ya Waingereza, rangi za juu zinajulikana: kijivu cha bahari kilichokolea, namba 638 katika kiwango cha Uingereza BS 381C, na kijani kilichokolea, namba 641. Chini ilikuwa rangi ya fedha. Kijivu chepesi namba 627 kilikuja miaka ya baadaye, kwa hiyo usikiweke kwenye ndege ya 1960. Ukichagua ya Kenya, fanya kazi kwa picha yenye tarehe. Picha za zamani hupauka, hivyo tafuta ndani ya picha hiyo kitu ambacho rangi yake unaijua, kama nyekundu ya bendera, uone imesogea kiasi gani, kisha usogeze kijani na kijivu kwa kiasi hicho.

Rangi ya chupa ipunguze makali kwa matone 10 kwa 1 la kijivu chepesi au krimu. Modeli ndogo hupokea mwanga tofauti na ndege ya mita 14, na rangi halisi huonekana nzito mno juu yake. Nyeupe tupu tunaiepuka kwa sababu hugeuza kijani kuwa kama cha dawa ya meno. Jua la ikweta linapiga kutoka juu, kwa hiyo mgongo wa ndege na juu ya mabawa pawe pamepauka kuliko ubavu. Puliza rangi iliyoongezwa krimu kidogo katikati ya mabati makubwa, psi 10, ukiwa karibu, na uache bila mpangilio: bati hili zaidi, lile kidogo, lingine usiliguse.

Kila doa, mzee, ulipe chanzo. Hunter ina mizinga minne ya milimita 30 chini ya pua. Ikifyatuliwa, masizi hukimbia kutoka kwenye midomo ya mizinga kwenda nyuma, yakipita tumboni. Maganda ya risasi hutupwa nje chini, lakini viungo vya mkanda hukusanywa kwenye yale mafundo mawili yaliyovimba chini ya pua, kwa hiyo nyuma ya matundu ya maganda weka mikwaruzo midogo, mafundo yabaki masafi kiasi. Masizi haya puliza kwa nyeusi na kahawia sawa kwa sawa, thina sehemu 9 kwa 1 ya rangi, psi 10, tabaka juu ya tabaka. Uone kitu kwenye pito la tano, si la kwanza. Ukikiona mara moja, ni kizito mno.

Mafuta ya haidroliki na ya injini huvuja tumboni. Angani huvutwa nyuma na upepo, kituoni hudondoka wima. Kwa hiyo weka vitone vya rangi ya mafuta, kahawia na nyeusi, kwenye kingo za vifuniko vya chini, vivute nyuma kwa brashi yenye waiti spiriti kidogo sana. Michirizi miwili mitatu mirefu inatosha. Kumi inasema ndege hii hairuhusiwi kuruka.

Rangi kubabuka ndiko watu wanakozidisha. Ndege za jeti za wakati wa amani huoshwa na kupakwa rangi upya. Mabaka makubwa ya alumini yanafaa ndege za Kijapani za 1944, si Hunter. Weka vijinukta vya fedha iliyochanganywa na kijivu kwenye kingo za mbele za mabawa, kuzunguka skurubu za vifuniko vya mizinga na pale ngazi ya rubani inapoegemea. Tumia kipande cha sponji: kichovye, kikaushe kwenye karatasi hadi kibaki karibu kitupu, kisha gusa. Bomba la moshi nyuma puliza rangi ya chuma iliyowaka, ukipitisha kahawia angavu halafu buluu angavu kwa uchache, kwa kuwa chuma kilichopata joto huenda kutoka manjano hadi kahawia, zambarau na buluu.

Mwisho vanishi isiyong'aa, itikise dakika mbili nzima. Unga unaoondoa mng'ao hukaa chini ya chupa, na ukiupuliza bila kuuchanganya, kijani chako kitapata vumbi jeupe lisilofutika.

Masking tepu inang'oa rangi kila nikiitoa. – Wasomaji wawili, Rongai na Embakasi

Aidha plastiki haikuoshwa, au hukuweka praima, au hukusubiri. Akriliki ipe saa 24 kabla ya tepu, enameli siku 2 hadi 3, na zaidi kukiwa na baridi. Ibandike tepu kwanza kwenye kioo safi mara mbili ili ipoteze nguvu ya gundi. Ivute ikiwa imejikunja juu ya yenyewe, karibu na uso, polepole, na iondoe mara rangi ya pili inapokoma kunata, usiiache ilale usiku. Kama kingo imekwisha kung'oka, sawazisha ngazi yake kwa msasa namba 2000 kabla ya kurudia, maana rangi mpya haiwezi kuificha.